Mashine ya kutotolesha inapanda joto kila mchana, kumbe shida ni rezista (uzi mrefu)

#1 Fundi Waya

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa wale tunaojitengenezea bodi wenyewe. Nitaandika kirefu, kwa sababu jambo hili lilinichukulia wiki tatu na trei mbili za mayai ya mteja.

Natengeneza mashine za kutotolesha vifaranga hapa Dodoma, za mayai 120 hadi 300. Saketi ya termostati ni ile ile siku zote: thamista ya 10k (rezista ya omu 10,000 ambayo ukinzani wake hushuka joto likipanda), kompareta LM393 (chipu inayolinganisha volteji mbili), rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), taa za kupasha joto na feni. Hakuna mikrokontrola (chipu inayoendeshwa kwa programu). Mteja mmoja akaniletea malalamiko kwamba asubuhi mashine inakaa 37.5, ikifika saa tisa mchana anakuta 38.3, usiku inashuka yenyewe. Vifaranga walitoka siku ya 19 na ya 20, vitovu havijafunga vizuri. Aliyewahi kutotolesha anajua hiyo ni alama ya joto kuzidi.

Nikabadili thamista. Nikabadili LM393. Nikaziba mianya ya mlango. Hali ikabaki vile vile. Mwishowe nikatia kipimajoto ndani ya kiboksi cha saketi, ambacho hukaa juu ya mashine, karibu na bati. Alfajiri kilisoma 21, saa tisa mchana kikasoma 46. Nyuzi 25 za tofauti, kila siku. Hapo nikaanza kuishuku saketi yenyewe.

Nilipima rezista, vile vipande vinavyozuia mkondo kwa kiasi maalumu cha omu, hivi. Nilichukua mita ya tarakimu nne na nusu, nikaunga rezista kwenye nyaya mbili nyembamba, nikaifunga kwenye kifuko cha nailoni pamoja na kipimajoto, nikaizamisha kwenye chupa ya chai yenye maji ya nyuzi 25. Nikasubiri dakika kumi, nikaandika namba. Kisha maji ya nyuzi 65, dakika kumi, nikaandika tena. Chupa ya chai ni nzuri kuliko draya ya nywele kwa sababu joto linatulia mahali pamoja na wewe unasoma bila haraka.

Rezista ya 10k ya rangi ya maziwa, yaani utando wa kaboni, ilisoma omu 9,940 ikiwa baridi na 9,781 ikiwa moto. Imeshuka omu 159 kwa nyuzi 40, ambayo ni kama sehemu 400 kwa milioni kwa kila nyuzi moja. Ya bluu, utando wa metali, ilitoka 10,010 ikaenda 9,998. Hiyo ni sehemu 30 tu. Trimpoti ya kaboni, ile ya wazi unayozungusha kwa bisibisi, ndiyo iliyonishtua: karibu sehemu 900 kwa milioni, nayo inashuka.

Namba hiyo kwenye datashiti (karatasi ya vipimo ya kiwanda) inaitwa TCR na huandikwa ppm, yaani sehemu kwa milioni, kwa nyuzi. Inasema rezista itahama kiasi gani joto likibadilika kwa nyuzi moja. Ppm 100 kwa nyuzi 10 ni asilimia 0.1. Ndiyo hesabu yote.

Sasa tuirudishe kwenye mashine. Kompareta inabadili hali pale thamista inapolingana na R1 × R2 ÷ R3. R1 ndiyo inayokaa na thamista, R2 na R3 ndizo zinazoweka kiwango cha kulinganisha. Kwangu R1 ilikuwa ya kaboni, R2 ilikuwa ile trimpoti ya kaboni, R3 ilikuwa ya bluu. Mchana R1 inashuka kwa 400, R2 kwa 900, R3 karibu haisogei. Jumla 1,300 kwa nyuzi. Zidisha kwa nyuzi 25 unapata asilimia 3.25.

Thamista ya 10k yenye beta 3950 (namba inayoonyesha inavyoitikia joto), ikiwa kwenye nyuzi 37.5, hubadilika kwa karibu asilimia 4.1 kwa kila nyuzi. Gawa 3.25 kwa 4.1 unapata 0.79. Mteja alisema inapanda kutoka 37.5 hadi 38.3. Nilipoona namba hizo mbili zimekutana nilikaa kimya kidogo, maana nilikuwa nimemlaumu mtu wa watu kwamba anafungua mlango ovyo.

Dawa ilikuwa hii. R1 na R3 nikaweka za bluu za 10k zenye TCR ya ppm 50. R2 inatakiwa iwe karibu 5.87k ili mashine ikate kwenye 37.5, kwa hiyo sikuweka tena trimpoti ya 10k peke yake. Niliweka 5.6k ya bluu, nikaiunganisha mfululizo na trimpoti ndogo ya omu 500 ya mizunguko mingi, aina ya sameti (mchanganyiko wa kauri na metali). Sasa trimpoti inachangia kama omu 270 tu kati ya 5,870. Hata ikihama, kuhama kwake kunagawanywa mara ishirini na zaidi. Na bado unaweza kurekebisha kutoka 36.6 hadi 38.6 hivi, jambo ambalo kwa mayai ya kuku linatosha kabisa.

Zote tatu zikihama kwa ppm 50 kamili, tena kila moja kwa upande mbaya, utapata 0.09 ya nyuzi kwa siku nzima. Kuku hatajali.

Karibuni tujadili. Najua humu kuna watu wa sola, wa vipimo, na wa jokofu.


#2 Mama Kuku Chotara

Kaka Fundi, asante. Mimi si fundi, nina mashine mbili za mayai 200 na zote zina tabia hiyo hiyo ya mchana. Nilidhani ni umeme kupungua. Swali langu: nikienda dukani nikasema nataka rezista za asilimia moja, nitakuwa salama? Maana muuzaji aliniambia asilimia moja ndiyo bora.


#3 Fundi Waya

Mama, shikamoo. Hapo ndipo wengi tunapopotea, hata mimi nilipotea.

Asilimia moja ni tolerensi. Inasema siku ilipotoka kiwandani, ikiwa kwenye joto la kawaida, rezista ya 10k itakuwa kati ya 9,900 na 10,100. Basi. Haisemi chochote kuhusu saa tisa mchana chini ya bati. Ukiwa na trimpoti, kosa la tolerensi unalifuta siku ya kwanza unapoweka mashine kwenye 37.5 kwa kipimajoto unachokiamini. Kosa la TCR hulifuti kwa bisibisi, kwa sababu asubuhi lina namba moja na mchana lina nyingine.

Kwa bahati nzuri, rezista nyingi za asilimia moja zenye miguu ni za utando wa metali, na hizo kwa kawaida zina ppm 50 au 100. Kwa hiyo muuzaji hakukudanganya, ila sababu si hiyo aliyoitaja. Mwambie hivi: nataka za utando wa metali, ppm 50.


#4 Betri Kavu

Mkuu Fundi Waya, uzi mzuri. Mimi ni wa sola. Nina kikata betri nilichokichora mwenyewe, kina TL431 (chipu inayolinganisha volteji na kiwango chake cha ndani) na kigawa volteji, yaani rezista mbili mfululizo zinazopunguza volteji, 36k juu na 10k chini. TL431 inalinganisha na volti 2.495, kwa hiyo inakata kwenye volti 11.48. Wateja wa Shinyanga wanalalamika kiangazi kinakata tofauti na masika. Rezista zangu zilikuwa zimechanganyika, nilichukua zilizokuwepo kwenye droo. Ya juu kaboni, ya chini bluu.


#5 Msoma Datashiti

Betri Kavu, umetoa mfano mzuri kuliko wote, kwa sababu katika kigawa volteji kinachohesabika ni uwiano, siyo thamani.

Ya juu ikishuka ppm 400 kwa nyuzi 30, imeshuka asilimia 1.2. Lakini ya juu ni 36 kati ya 46, kwa hiyo volteji ya kukata inashuka kwa asilimia 0.94, sawa na volti 0.11. Kwa betri ya risasi hiyo ni tofauti inayoonekana, hasa kwenye eneo la chini ambako unataka uikate kabla haijaumia.

Sasa chukua zote mbili za kaboni, kutoka kwenye utepe mmoja, zinazohama kwa ppm 400 zote. Uwiano haubadiliki. Volteji ya kukata haisogei. Yaani rezista mbili dhaifu zinazofanana zitakushinda wewe uliyeweka moja nzuri na moja dhaifu. Watu hununua rezista ghali moja na kuiweka pale wanapoona ni muhimu, kumbe mwenzake ndiye anayeivuta.

Tahadhari hata hivyo: kaboni hazifanani kihivyo. Kadiri thamani inavyopanda TCR yake huzidi kuwa hasi, kwa hiyo 36k na 10k za kaboni hazitahama sawasawa, na megaomu moja ya kaboni ni mbaya zaidi kuliko 10k. Ndiyo maana mimi naweka bluu zote mbili, thamani zisipishane sana, na nazilaza sambamba zikikaribiana ili zipate joto moja.

Tena angalia jambo jingine. Mguu wa kurejea (wa kulinganishia) wa TL431 unanyonya mkondo wa kama mikroampea 2. Ukipita kwenye 36k unaongeza volti 0.07 kwenye kiwango chako cha kukata, nao mkondo huo unabadilika na joto. Punguza kigawa chako hadi 3.6k na 1k kama betri inaweza kumudu miliampea 2.5, au tafuta katikati.


#6 Betri Kavu

Nimekuelewa. Sasa nikishaituliza saketi isihame kabisa, si nitakuwa nimepoteza ile faida ya kuchaji kwa kufuata joto? Maana nasikia betri ya risasi inataka volteji ipungue joto likipanda.


#7 Fundi Waya

Inataka, ndiyo. Betri ya risasi hutaka volteji ya kuchaji ishuke milivolti 3 hadi 5 kwa kila seli kwa kila nyuzi moja, kwa betri ya volti 12 ni milivolti 18 hadi 30. Lakini hiyo ni kazi ya thamista iliyogandishwa kwenye betri yenyewe, wewe ukiwa umechagua kiasi. Usiiachie rezista ya kaboni iliyo ndani ya kiboksi ikufanyie kazi hiyo kwa bahati. Kiboksi kikiwa juani na betri iko kivulini, utashusha volteji bila sababu. Kwanza saketi itulie, ndipo uiongezee fidia unayoitaka.


#8 Jua Kali wa Luthuli

Salamu kutoka Nairobi. Mimi nauza na kutengeneza, kwa hiyo niseme upande wa dukani.

Rangi ya mwili si kiapo. Bluu mara nyingi ni metali na rangi ya maziwa mara nyingi ni kaboni, lakini nimeshaona bluu ambazo ukizipasha moto zinatembea kama kaboni. Kipimo cha chupa ya chai cha ndugu yetu hapo juu ni cha dhahabu. Ukinunua pakiti ya mia, toa tatu uzipime kabla hujajenga bodi hamsini.

Kuna mistari pia. Rezista ya mistari sita, ule wa sita ndio TCR. Kahawia ni ppm 100, nyekundu 50, njano 25, chungwa 15, bluu 10, zambarau 5. Mistari mitano haikuambii TCR kabisa.

Kwa hizi ndogo za kubandika juu ya bodi, mambo ni magumu zaidi. Maandishi 1002 juu yake yanakuambia 10k, hayakuambii kitu kingine. Nyingi zinazouzwa ni za utando mnene, ppm 100 kwa thamani za kawaida na 200 au zaidi kwa omu chache. Za utando mwembamba, ppm 25 au 10, kwa macho zinafanana na hizo hizo. Ukizichanganya mezani huzitofautishi tena. Mimi huziacha kwenye utepe wake na namba ya oda imebandikwa, na anayetoa moja bila kuandika namba tunaelewana vizuri sana siku hiyo.


#9 Mtunza Jokofu

Naomba niwaonye wale watakaohama kutoka thamista kwenda PT100 (kihisi joto cha platini) wakidhani wanapanda daraja. Thamista inasamehe. PT100 haisamehi.

PT100 hubadilika kwa karibu omu 0.385 kwa nyuzi, yaani chini ya asilimia 0.4. Thamista yenu hapo juu ni asilimia 4. Maana yake kosa lile lile la rezista linakuwa kubwa mara kumi na zaidi likifika kwenye kipimo.

Mimi hutumia MAX31865, chipu ya kusoma PT100, yenye rezista ya kurejea (ya kulinganishia) ya omu 430. Chipu hiyo inapima uwiano kati ya PT100 na hiyo rezista, kwa hiyo volteji ya umeme inajifuta, ila rezista ya kurejea haijifuti. Tuseme umeweka ya ppm 100 na kiboksi kimepanda nyuzi 20. Hiyo ni asilimia 0.2. Kwenye 37.5 PT100 ni omu 114.6, asilimia 0.2 yake ni omu 0.23, gawa kwa 0.386 unapata karibu nyuzi 0.6. Mashine ya kutotolesha ingekuwa na shida ile ile ya Fundi Waya, tena ukiwa umelipa zaidi. Weka ppm 25 kosa linakuwa 0.15. Weka ppm 10 linakuwa 0.06.

Kwa rezista hiyo moja naingia gharama bila kusita. Rezista nyingine zote kwenye bodi hiyo, za LED, za kuvuta juu, za kulinda pini, ziwe za kaboni au chochote. Kuweka ppm 10 kwenye LED ni kutupa pesa ambazo zingenunua ile moja inayohitajika.


#10 Mwanafunzi wa Umeme

Samahani wakuu, nina mawazo tofauti. Siku hizi mikrokontrola ni bei nafuu. Kwa nini nisiweke kipimajoto cha pili kwenye bodi, nikapima kuhama kwa rezista mara moja, nikaandika fomula kwenye programu, nikatumia rezista yoyote?


#11 Msoma Datashiti

Wazo si baya, na kwenye vifaa vya vipimo hufanywa. Ila kuna masharti matatu yanayoumiza.

La kwanza, kipimajoto chako lazima kiwe kwenye joto la rezista yenyewe, siyo la upande wa pili wa bodi karibu na regyuleta. La pili, kila bodi utaipima peke yake. Datashiti ikisema ppm 50 inamaanisha kati ya hasi 50 na chanya 50, haikuambii upande, na mstari wenyewe si mnyoofu. Bodi mia ni vipimo mia. La tatu, rezista lazima irudi ilikotoka ikipoa. Utando wa metali unarudi vizuri. Kaboni za zamani zile za kubanwa, zenye mwili wa kahawia kama kijiti, hunyonya unyevu pia. Ukiipima Dodoma ukaipeleka Tanga, fomula yako inafidia joto huku unyevu unaihamisha upande mwingine.

Kwa mashine ya mayai, rezista tatu za bluu ni rahisi kuliko fomula. Kwa kipimo cha maabara, fanya vyote viwili.


#12 Jua Kali wa Luthuli

Niongeze kuhusu joto linalotoka ndani. Sote tunazungumzia bati na jua, lakini rezista yenyewe inajipasha. Rezista ya robo wati ya utando wa metali hupanda karibu nyuzi 140 kwa kila wati inayochoma. Ipe robo wati kamili, imepanda nyuzi 35 bila jua lolote. Ipe miliwati 10, imepanda nyuzi 1.4 tu. Kwa hiyo kwenye sehemu ya kipimo usiikaribishe rezista kwenye wati zake. Tumia ya nusu wati mahali pa robo, au ongeza thamani ili mkondo upungue.

Kwenye kigawa volteji hili linauma kwa namna ya pekee. Ile ya juu ya 36k inabeba volteji kubwa, inachoma zaidi ya ile ya chini, kwa hiyo haziko kwenye joto moja hata kama zimelala sambamba. Ukitaka kuzisawazisha kabisa, gawa ile ya juu iwe rezista kadhaa za 10k mfululizo, zote aina moja na ile ya chini. Kila moja inabeba mkondo ule ule na kuchoma kiasi kile kile.


#13 Betri Kavu

Hiyo ya 10k kadhaa nimeipenda. Tatu juu na moja chini zinanipa mara nne, 9.98. Nne juu ni 12.47. Nitachanganya na ndogo moja nifikie 11.5.

Sasa upande wa ampea. Mimi napima mkondo wa betri kwa kipande cha waya wa shaba nilichokata hadi kikasoma sawa na mita. Asubuhi sawa. Mchana kinazidisha.


#14 Msoma Datashiti

Shaba ni kipimajoto, siyo rezista ya kipimo. Inapanda karibu asilimia 0.39 kwa nyuzi, yaani ppm 3,900. Nyuzi 30 zimekupa asilimia 12 za uongo. Njia ya shaba iliyochorwa kwenye bodi ni hivyo hivyo.

Tafuta manganini. Ni mchanganyiko wa shaba, manganizi kama asilimia 12 na nikeli kidogo, uliotengenezwa na Edward Weston mwaka 1892. Weston alizaliwa Uingereza akahamia Marekani, na alikuwa mtu wa mita. Shida aliyokuwa nayo ndiyo unayo wewe leo: mita yake ilisoma namba moja chumba kikiwa baridi na nyingine kikiwa na joto. Manganini karibu na joto la chumba huhama kwa ppm chache hadi kumi na kitu. Shanti (rezista ndogo za kupimia mkondo) za kununua zilizoandikwa 100A 75mV nyingi ni za manganini. Kumbuka tu kwamba hiyo ikibeba ampea 100 inachoma wati 7.5, iache ipumue.

Usije ukaweka konstantani (mchanganyiko wa shaba na nikeli) kwa kuwa TCR yake pia ni ndogo. Konstantani ikigusana na shaba hutoa kama mikrovolti 40 kwa kila nyuzi ya tofauti kati ya ncha mbili, ndiyo jozi ile ile inayotumika kutengeneza thamokapo (kihisi joto cha metali mbili) ya aina ya T. Upande mmoja wa shanti ukiwa karibu na feni na mwingine karibu na fyuzi, unapima mkondo usiokuwepo. Manganini na shaba hutoa mikrovolti mbili tatu tu. Waya mnene uliopinda kama daraja ndani ya mita mbovu, ule wa tundu la 10A, aghalabu ni mchanganyiko wa namna hii. Mita ikifa usiutupe.


#15 Mwanafunzi wa Umeme

Na zile za bei ya juu kabisa, ppm chini ya moja, zinafanywaje? Zina metali gani isiyohama?


#16 Msoma Datashiti

Hakuna metali isiyohama. Wanafanya ujanja ninaoupenda kuliko yote kwenye fani hii. Felix Zandman, aliyeanzisha Vishay mwaka 1962, alichukua karatasi nyembamba ya metali akaigandisha juu ya kauri. Metali hiyo ikipata joto ukinzani wake hupanda kidogo. Lakini metali inataka kutanuka kuliko kauri, na kauri inaizuia, kwa hiyo metali inabanwa, na kubanwa kunashusha ukinzani. Ukichagua metali na kauri kwa uangalifu, kupanda na kushuka vinakutana karibu na sifuri. Ndiyo rezista za karatasi ya metali zinazofika ppm 0.2.

Huzihitaji kwa kuku. Lakini ukiona bei yake ujue unalipia mambo mawili yanayosukumana hadi yakasimama.


#17 Mtunza Jokofu

Jambo moja la mwisho la vitendo kutoka kwangu. Kabla ya kununua chochote, chora saketi, kisha uliza kila rezista: wewe ukihama asilimia moja, nini kinaharibika? Kwenye bodi ya Fundi Waya yenye rezista kumi na moja jibu la maana linatoka kwa tatu tu. Kisha kati ya hizo tatu, tazama zipi ni jozi. R2 na R3 ni jozi, zikifanana zinafutana. R1 haina jozi, mwenzake ni thamista. Kwa hiyo ukiwa na rezista moja tu nzuri mfukoni, iweke R1.


#18 Fundi Waya

Mtunza Jokofu, hilo la R1 sikuliona mpaka umelisema, na nimekaa na saketi hii miaka. Ningekuwa na tatu za kaboni zinazofanana, R2 na R3 zingefutana na ningebaki na ppm 400 za R1 peke yake, robo ya nyuzi tu kwa siku. Kilichoniua ni ile trimpoti ya kaboni kukaa peke yake mkabala na bluu.


#19 Mama Kuku Chotara

Kaka Fundi na wote mliochangia, nimerudi baada ya mwezi. Kijana wa mtaani kwetu alibadilisha zile tatu na ile ya kuzungusha kwenye mashine moja, nyingine tukaiacha ilivyokuwa ili tuone. Kila siku saa tisa niliandika daftarini. Iliyobadilishwa: kiboksi 44, ndani 37.6. Kiboksi 45, ndani 37.6. Kiboksi 41, ndani 37.5. Ile nyingine ilifika 38.2.

Iliyobadilishwa wametoka siku ya 21, asubuhi, vitovu vimefunga. Ile nyingine walianza siku ya 19 usiku. Kijana anakuja Jumamosi na rezista tatu nyingine.